Salamu kwa Wakwe wa Mwenyekiti

Podcast yangu ya habari za Bigwa ina mtangazaji, fundi mitambo na bosi. Wote ni mimi, graduate asiye na ajira.

Juzi nilienda ofisi ya mtaa kumuuliza mwenyekiti kwa nini kalvati lililovunjika halijengwi. Nikamkuta mama mmoja na kilio hichohicho: ndizi zake zinaozea shambani, bodaboda hazipiti.

Nikawasha simu kurekodi. Mwenyekiti akakohoa, akaweka kola sawa.

"Kwanza nawasalimu wakwe zangu wa Matombo, baba mkwe, mama mkwe, mashemeji wote..."

"Samahani mzee, swali ni kalvati."

"Usinikatize kijana, nasalimu!"

Mama akainamia simu yangu. "Nami nawasalimu wakwe haohao. Mkwe wenu kalvati limemshinda."

Mwenyekiti akaruka kitini. "Futa hiyo!"

"Kifusi kikimwagwa pale kwenye kalvati, bodaboda zipite, nafuta," nikamjibu.

Kesho yake kifusi kikamwagwa, ndizi zikashuka sokoni.

Chuoni walituimbia accountability, transparency, makorokoro kibao, mpaka tukakariri. Hakuna lecturer hata mmoja aliyetutajia mama mkwe.