Viazi vya Kumfundisha Tata Kutafuna

Meno ya Tata yalikuwa yanakaa mfukoni. Tata ni baba yangu, sisi Wahaya tunamwita hivyo mpaka tunazeeka, na meno ninayoyasema ni ya bandia, juu na chini, aliyotengenezewa hapa Bukoba mjini. Nilimpeleka mwenyewe. Nilikaa naye kwenye benchi, nikamshikia kofia alipochukuliwa vipimo, nikamsikiliza daktari akieleza namna ya kuyasafisha na namna ya kuyazoea. Tata akaitikia kila kitu, waitu, waitu, kama mtoto wa komunyo. Akarudi kwake Izimbya, akayafunga kwenye leso, akayatia mfuko wa shati, yakakaa humo kama kitambulisho.

Ukimuuliza, anayavaa. "Nayavaa sana, mwanangu."

"Mbona siyaoni?"

"Unakuja siku ambazo nimeyapumzisha."

Ningeachana naye, maana ebitoke havihitaji meno. Ndizi ikiiva vizuri hata fizi inatosha. Lakini Tata alianza kuongea huku mkono wa kulia umeziba mdomo. Akicheka, mkono mdomoni. Halafu akaacha kukaa na wazee wenzake baada ya misa. Huko kwetu watu wakikutana hutafuna kahawa, akamwani, ile inayochemshwa na majani ya kunukia ikakaushwa na ganda lake. Mgeni akiingia, kabla hujamuuliza habari za safari, unamnyooshea kikapu achukue punje. Mtu asiyetafuna kahawa na wenzake hana pa kukaa. Basi Tata akawa mtu wa shamba. Ukimpigia simu yuko kwenye migomba, ukipiga tena yuko kwenye migomba. Migomba gani hiyo isiyompa mtu nafasi hata Jumapili?

Ndipo mdogo wangu wa mwisho, anayefundisha shule huko Muleba, akapata mchumba wa Nshamba. Ukoo wa mchumba ukaomba kuja Izimbya kuleta posa, ukapewa siku, wiki sita mbele. Sote tulifurahi. Siku mbili baadaye mdogo wangu akanipigia analia.

"Dada, Tata amesema baba mdogo akae badala yake."

"Anaumwa?"

"Anasema ana kifua."

"Kifua! Tangu lini?"

"Mimi sijui. Ila sitaki kutolewa na baba mdogo. Baba yangu yupo, yuko hai, kwa nini nitolewe kama yatima?"

Hakuhitaji kunieleza zaidi. Nyumbani kwetu siku ya posa mwenye nyumba huchukua kahawa kwanza, akaitafuna mbele ya wageni, ndipo kikapu kinazunguka. Kifua cha Tata kilikuwa kwenye leso. Nilikata simu nina hasira, na hasira yangu ikipanda mimi huwa napika.

Kupika ndiyo kazi yangu. Nina kibanda cha chakula karibu na soko, na siku za Ijumaa watu wa maofisini hunijia kwa ajili ya viazi vyangu vya kuoka. Siku ile nikiwa nimesimama pale namenya, nikawa nawaza: ebitoke ni laini mno, kahawa ni ngumu mno, kijana anayejifunza baiskeli hapelekwi moja kwa moja barabara kuu. Nikatazama kiazi mkononi. Juu kigumu, ndani laini. Loo! Jibu lilikuwa kwenye beseni langu muda wote.

Viazi vyenyewe ni rahisi, wala sina siri. Unamenya viazi mviringo, unakata vipande vikubwa kiasi cha yai la kuku wa kienyeji. Unachemsha kwenye maji ya chumvi mpaka kingo zianze kulegea, si mpaka vipondeke. Unamwaga maji yote, unarudisha sufuria motoni kidogo vikauke, halafu unafunika na kuitikisa kwa nguvu, vigongane, vichubuke. Hapo ndipo wasaidizi wapya huniona nimechanganyikiwa. Ile michubuko ndiyo inayogeuka ganda. Mafuta yawe yamepata moto sawasawa kabla viazi havijaingia, vipande visibanane, na usiwe na kiherehere cha kuvigeuza kila saa. Kitunguu saumu na chumvi ni mwishoni. Ukisikia vinalia unapovitingisha kwenye chombo, vimeiva.

Mjini nina oveni ya gesi. Izimbya kuna jiko la mkaa, kwa hiyo nilipalia kama mtu anayeoka keki: makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko, na kila baada ya muda nafunua mvuke utoke.

Jumapili ya kwanza nilifika na ndoo ya viazi. Tata akavitazama vilivyo.

"Hiki ni chakula?"

"Ni cha pembeni, Tata."

"Pembeni ya nini?"

"Ya ebitoke."

"Basi lete ebitoke kwanza, tujue pembeni iko wapi."

Nikamweleza mpango wangu wote, hatua kwa hatua. Akasikiliza, mkono mdomoni. Akakubali kwa sharti moja: hatakula akitazamwa kama mtahiniwa. Atakula sebuleni, peke yake, na Shangazi ndiye atakayempelekea. Shangazi ni dada yake Tata, ndiye anayeendesha ile nyumba tangu Mama alipofariki. Nikasema sawa. Nikapika, nikamkabidhi Shangazi, nikaenda kung'oa majani kaburini kwa Mama. Niliporudi sahani ilikuwa tupu.

"Vipi?"

"Safi kabisa," Tata akasema. "Sikujua kiazi kina adabu namna hii."

Jumapili ya pili, tupu. Ya tatu, tupu, na akaomba nyongeza. Ya nne nikampigia mdogo wangu kutoka barabarani nikisubiri usafiri: "Tulia, Tata anatafuna kama panya." Nilijisifu mno. Pale kibandani nilikuwa nimeshaanza kuwaeleza wateja kwamba viazi vyangu ni dawa.

Jumapili ya tano nilisahau chumvi. Mimi, mpishi wa miaka yote hiyo! Nilikuwa nimeshafika kaburini nilipokumbuka. Nikarudi mbio, nikachukua kibakuli cha chumvi jikoni, nikaingia nacho sebuleni bila hodi.

Shangazi alikuwa anafungua furushi la majani ya mgomba, yale yaliyobabuliwa motoni, tunayofunikia ebitoke viendelee kuiva kwa mvuke. Ndani ya furushi vilikuwamo viazi vyangu. Ganda lote limelowa, limenywea, vinatoa jasho. Na Tata alikuwa anakula kwa raha zake, mashavu yamejaa, na mezani kando ya sahani kulikuwa na leso, na kwenye leso meno yamelala yanamtazama.

"Shangazi! Umefanya nini?"

"Nimevifunika."

"Kwa nini?"

"Chakula hakifunikwi siku hizi? Mimi sijawahi kumpelekea kaka yangu chakula kilicho uchi. Kisha vilikuwa vimekauka, masikini, nikaona umeviunguza, sikutaka kukuaibisha."

Wiki tano! Wiki tano natoka mjini na ndoo, nachubua viazi, napalia makaa, na kumbe Shangazi anavirudisha kuwa uji. Yeye hakujua, hilo namsamehe. Anayejua alikuwa amekaa kitini anameza. Nilifoka. Nilianza kwa Kiswahili, kikaniishia, nikamalizia kwa Kihaya. Nilimwambia Tata kwamba ananidanganya mimi, anamdanganya daktari, na kwamba mtoto wake analia Muleba huku yeye anajificha nyuma ya jani. Hilo la mwisho nilijuta lilipokuwa bado linatoka.

Tata aliweka mkono mdomoni.

"Yalinitoka," akasema.

"Nini?"

"Meno. Kwenye msiba wa jirani, wiki ile ile uliyonirudisha. Nilipewa kahawa, nikauma upande huu, yale ya juu yakaruka. Yakaangukia kikapuni. Katikati ya kahawa, mbele za watu." Akayatazama pale kwenye leso. "Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningecheka nao. Wote walitazama chini."

Nilimuonea huruma, na nikajionea aibu mimi mwenyewe kwa mdomo wangu huu. Shangazi akaanza kukunja majani yake polepole.

Kisha nikakumbuka benchi la daktari. Alikuwa amesema, na Tata akaitikia waitu bila kusikia: usiume upande mmoja, yatainuka. Gawa chakula pande mbili, tafuna pande zote kwa pamoja.

"Tata, vipo vingine jikoni. Havijafunikwa."

Alifikiri. "Vikatwe vidogo," akasema.

Tulihamia jikoni wote watatu, kando ya jiko, kwa sababu nilitaka ale vikiwa bado vinalia. Tata akageuka, akavaa meno yake. Nikampa vipande viwili. Akaweka kimoja shavu la kulia, kimoja la kushoto. Shangazi akasimama akatazama ukuta, kaka yake asione anatazamwa, nami nikatazama makaa. Tukasikia kru. Kimya. Kru tena. Kimya kirefu, nikaanza kusali.

"Yamekaa," Tata akasema.

Shangazi akauambia ukuta, "Hata mimi nimesikia."

Wiki moja iliyobaki sikuondoka. Kibanda nilimwachia msaidizi wangu, nikalala Izimbya, na kila mchana tulikula viazi, viwili viwili, kila siku vikubwa kidogo. Alhamisi tukajaribu akamwani. Punje mbili, moja kila upande. Ijumaa Tata alitoka mwenyewe akaenda kwa jirani, yule yule wa msiba, akakaa huko mpaka Shangazi akaanza kulalamika. Kuhusu kifua hakuna aliyeuliza tena.

Wageni wa Nshamba walifika Jumamosi, kina mama na magauni yao yanayong'aa, wanaume na makoti. Kiongozi wao alikuwa babu yake mchumba, mzee mrefu aliyenyooka, mwenye sauti ya chini hivi kwamba msemaji wao alilazimika kuinama kumsikia. Baba mdogo alikaa upande. Katikati, kwenye kiti cha mwenye nyumba, alikaa Tata.

Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la viazi, moto moto, maana nilikuwa nimeapa vitaliwa na kila mtu siku ile. Kikapu cha kahawa kikaletwa. Tata akachukua punje mbili. Mdogo wangu, aliyekuwa chumbani nyuma ya pazia, alinishika nguo kwa nyuma, akaibana. Tata akatafuna. Ilisikika chumba kizima. Akatafuna bila haraka, akameza, akatabasamu, na mkono wake wa kulia ukabaki gotini. Kule nyuma ya pazia nguo yangu ikaachiwa, na mimi machozi yakanitoka mbele ya wakwe, sikujali.

Kikapu kikamfikia yule babu. Akachukua punje moja, akainua mkono, akaziba mdomo. Kwa wengine alikuwa anatafuna. Lakini mimi nilikuwa nimeusoma mkono ule kwa miezi, na niliona ukishuka mpaka mfuko wa koti na punje ikibaki mfukoni. Nikamtazama Tata. Na yeye alikuwa ameona.

Angeweza kunyamaza. Ndiyo heshima, kutazama chini, kama walivyomfanyia yeye. Tata akainuka kwenye kiti chake, akachukua sinia mikononi mwangu, akaenda kukaa kwenye mkeka kando ya yule babu, na wageni wote wakageuza shingo.

"Mzee mwenzangu," akasema, kwa sauti ya kusikika, "haya niliyonayo ni ya dukani. Yaliwahi kuniruka yakaangukia kwenye kikapu cha kahawa cha watu."

Mama mmoja wa Nshamba akaangua kicheko, Shangazi akafuata, na Tata akacheka kuwazidi wote, mdomo wazi.

Yule babu hakucheka. Alimtazama Tata mdomoni, muda mrefu, jinsi mtu anavyotazama nyumba ya jirani kabla ya kujenga yake. Halafu akaingiza mkono kwenye mfuko mwingine wa koti, akatoa leso iliyofungwa fundo.

"Ni upande gani?" akauliza polepole.

"Zote mbili. Lakini usianze na kahawa." Tata akasogeza sinia katikati yao. "Anza na viazi."

Shangazi, aliyekuwa amesimama tayari na jani la mgomba mkononi, akalirudisha jikoni.