Nilimpa Mama Mjukuu Asiyekuwepo

Nimekosa, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Msiniulize jina. Mimi ni mchimbaji tu huku Geita, kwetu ni kijijini Samuye.

Machimboni neno uongo halisemwi sana. Tunasema fiksi. Umemdanganya mwenzako kwamba duara lake, yaani shimo lake, limetema dhahabu, kakimbia kuangalia, mmecheka, basi, hiyo ni fiksi. Nikazoea kuona kitu chenye jina jepesi hivyo hakimuumizi mtu.

Mama alikuwa haachi kuniuliza kwenye simu: "Utazaa lini? Jina la babako linapotea." Siku moja nikachoka. Nikamwambia, "Mayu, nimepata mtoto wa kiume." Mtoto! Hata mchumba sikuwa naye! Alipotaka kumsikia, nikasogeza simu kwa kichanga cha jirani kilichokuwa kinalia.

Jamani, mama alilia kwa furaha. Akampa jina la marehemu baba, Masanja, akachinja mbuzi, akaita ukoo mzima. Kwetu jina la marehemu halitolewi ovyo; hulitoa wakubwa, tena mara moja tu.

Sikujua kama angepanda basi. Nilimkuta mlangoni kwangu na kuku wawili na kitenge cha kumbebea mjukuu.

"Masanja yuko wapi?"

Nikacheka, mjinga mimi! "Mayu, ile ilikuwa fiksi tu."

"Fiksi ndiyo nini?"

Nikasema ni utani wetu wa machimboni. Akauliza tena, taratibu, mpaka nikatamka: ni uongo. Nikamweleza yote, hadi kile kichanga. Akakunja kitenge chake, akaondoka.

Sasa nina mke, na juzijuzi tumepata mtoto wa kiume. Wa kweli, wallahi! Nikapiga simu.

"Shikamoo Mayu. Umepata mjukuu. Naomba jina la baba."

"Marahaba. Leo umeazima wa nani?"

Nikaapa. Akasema, "Jina la babako nilishalitoa, mwanangu. Ukoo ulishakula mbuzi wake. Nitawaitaje tena?"

Hakuna aliyekuja kutoka kwetu. Hata mmoja! Mke wangu ananiuliza kama sina ndugu. Nina upweke ambao sikuwa nao hata nilipokuwa kapera.

Nyie mnaosema "fiksi tu", nawaomba, mkipiga simu nyumbani semeni kweli, hata kama kweli yenyewe ni kwamba hamna kitu wala mtu. Mimi wangu namwita Mtoto tu. Hakuna wa kumpa jina.