Simu ya Mtu Asiyetujua

Kama kuna mtu aliyezaliwa na wasiwasi, basi ni mama huyu. Mlango akishaufunga, hurudi kuusukuma. Maziwa yakiwa jikoni, hageuki hata akiitwa. Na tangu binti yake alipoanza kutengeneza tovuti pale sebuleni, kwenye meza ya kulia chakula, wasiwasi huo ulipata ajira ya kudumu.

"Binti yako anafanya nini siku hizi?" jirani mshonaji alimuuliza.

"Anawafanya watu waonekane."

"Kwani walikuwa mizimu?"

Mama alicheka, lakini neno lilimchoma.

Mteja wa kwanza wa binti alikuwa mjomba wake, yaani mdogo wake mama, fundi wa friji ambaye mtaa mzima humwita Baridi. Zamani karakana yake ilikuwa kando ya barabara. Jengo lilipouzwa akahamia uani, mwisho wa uchochoro, nyuma ya duka la rangi, na wateja wakapotea kama moshi. Akatangaza kwamba mwisho wa mwezi ukifika hali ikiwa hiyo hiyo, atafunga, auze vyombo, akaajiriwe kiwandani.

"Mwache mpwa wako akutengenezee tovuti," mama alimwambia.

"Dada, kizuri chajiuza."

"Kikiwa kinaonekana, mjomba," binti akadakia. "Wewe uko nyuma ya ukuta."

Binti akaijenga. Juu kabisa akaandika: Huduma Bora za Kitaalamu za Matengenezo ya Majokofu. Mama aliyasoma kwa sauti, akayarudia. Hayo yalikuwa maneno yaliyovaa suti! Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, aliyaandika kwenye simu yake kuyatafuta mtandaoni, akashuka chini mpaka akaiona tovuti, akaifungua, akaitazama picha ya mdogo wake, roho ikatulia. Mara tovuti ikaanza kupanda. Asubuhi moja akaikuta juu ya wote.

Alifika karakana viatu havijakaa sawa miguuni.

"Wa kwanza! Tumekuwa wa kwanza!"

Baridi akatoa simu yake, akaandika maneno yale yale. Kiooni yakaja majina ya mafundi wa kila pembe. Akashuka, akashuka, yeye mwenyewe hayumo.

"Dada," akasema, "mbio zako zina mkimbiaji mmoja."

Muuza rangi alicheka mpaka akashika ukuta. Mama akarudi nyumbani masikio yakiwaka moto.

"Mama, kwani unaifungua kila siku?" binti akauliza.

"Kila siku. Naichunga."

"Basi simu yako imekuzoea. Inakuletea unachokipenda. Ukitaka ukweli, tazama simu ya mtu asiyetujua."

Mama alitarajia machozi ya binti, hakuyaona. Kesho yake binti alichukua kigoda, akaenda kukaa mlangoni kwa mjomba wake, kompyuta mapajani. Mama alipopeleka chakula cha mchana akamkuta ametulia tu.

"Kazi gani hii ya kukaa kama mgonjwa anayengoja daktari?"

"Nasikiliza, mama."

Alikuwa akiwasikiliza wale wateja wachache waliobaki. Hata mmoja hakutamka "matengenezo". Mmoja alisema friji yake inanguruma lakini haipoi. Mwingine, inavuja maji chini. Mwingine, juu inagandisha, chini maziwa yanachacha. Kila malalamiko binti aliyapeleka kwa mjomba: husababishwa na nini, mwenye friji aangalie nini kwanza, na wakati gani amwite fundi. Baridi akaeleza huku mikono imejaa grisi, na binti akaandika vile vile alivyosema. Kila shida ikapata ukurasa wake. Picha nzito akaziondoa ili tovuti ifunguke upesi hata kwenye simu kuukuu. Akabakiza picha ya fundi, na ile ya uchochoro, ikionyesha duka la rangi na geti la buluu.

Yale maneno ya suti akayafuta.

"Maneno mazuri vile?" mama akalalamika.

"Mazuri, ila hakuna anayeyatafuta."

"Na mbona unawafundisha watu kujitengenezea? Nani atakuja?"

"Atakayeshindwa, mama. Na atakuwa ameshamwamini fundi."

Kisha binti akampiga mama marufuku kuchungulia. "Huu ni kama unga wa mkate. Ukifunuafunua, hauumuki." Marufuku hiyo ilimtesa kuliko kufunga saumu. Siku zikapita. Baridi akaanza kufuta bisibisi zake moja moja na kuzipanga sandukuni, kama mtu anayefungasha kwenda safari asiyoipenda. Mama akiziona, moyo unamshuka: ni yeye aliyemsukuma mdogo wake kukubali.

Mwezi ukiwa ukingoni, mama alikuwa akifunua bakuli la chakula pale karakana, akatokea mwanamume mgeni anatoka jasho. Anaitazama simu, analitazama geti.

"Samahani, hapa ndipo kwa Baridi? Friji yangu juu inagandisha, chini inachachisha. Nimefanya yote mliyoandika, bado."

Baridi akabaki na bisibisi hewani.

"Nani kakuelekeza?" mama akauliza.

"Hakuna. Niliandika shida yangu tu."

"Hebu iandike tena, mwanangu. Hapa hapa nione."

"Mama, mbona kama polisi?" mgeni akacheka, lakini akaandika.

Mama akavaa miwani, akaishika simu ile kwa mikono miwili, kama aliyepewa mtoto mchanga. Juu ya wote palikuwa na maneno ya mdogo wake, kama yalivyotoka kinywani, na kazi ya mwanawe. Safari hii hakupiga kelele.

"Wa kwanza, dada?" Baridi akauliza, sauti haina mzaha.

"Njoo utazame mwenyewe."

Alitazama. Kisha akaliinamisha sanduku, na vyombo vyote vikamwagika mezani kwa kishindo.

Jioni mshonaji akamwona mama anapita.

"Binti yako anafanya nini siku hizi?"

Mama angeweza kusimama hapo mpaka giza liingie. Akasema tu, "Friji yako ikisumbua, andika shida yako kwenye simu. Mimi sisemi kitu." Akaenda zake, shingo imenyooka kama aliyebeba ndoo ya maji kichwani.