Nilivyomwambia Mzungu Kahawa Yangu Ni ya Zama

Mimi shule niliiacha darasa la nne, lakini soko huria lilipofika Mbinga sikusubiri kuitwa. Wenzangu walikuwa bado wanabishana kama wanunuzi binafsi ni wezi au la, mimi tayari nina mashine ya kumenya kahawa, nina vichanja vya kuanikia, na wakulima wa Mkumbi wananiletea mimi kahawa yao niwatafutie mnunuzi.

Mnunuzi alipatikana, Mzungu. Siku moja kabla hajafika nikaenda kwa jirani yangu mwenye duka, mtu wa asili ya pwani aliyejua Kiingereza.

"Shikamoo, mzee. Atauliza kahawa imekaa juani muda gani. Nisemeje?"

"Marahaba. Kuna *moment*, kuna *period*, kuna *era*. Sema *period*, mwanangu."

*Moment* akasema ni kitambo kidogo tu. Nikalikataa, kahawa yangu si chai ya kuchemsha. *Period* nililikumbuka la shuleni, kipindi cha somo, kengele ikilia kimekwisha.

"Na *era*?"

"Hizo ni zama. Zama za Mjerumani, zama za vita."

"Basi hilo ndilo saizi yangu!"

"Utajiharibia," akasema, huku akicheka.

Kesho yake Mzungu akasimama mbele ya vichanja, wakulima wote nyuma yangu, akauliza. Nikajibu kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "One era!"

Uso wake ukabadilika. Aliona anauziwa kahawa iliyolala tangu enzi za babu yangu. Akafunga mkoba.

Mama mmoja wa Mkumbi, mwenye magunia mengi kuliko wote, akanisogelea. "Baba, umemwambia nini huyu? Akiondoka, sisi tunarudisha kahawa yetu chama cha ushirika leo hii."

Mtu mwingine angetetemeka. Mimi nilichota kahawa, nikabandua ganda, nikang'ata punje kama tunavyofanya huku Umatengo. Jino likizama ndani, irudi juani, ikigoma, imekauka. Yangu iligoma. Nikampa na Mzungu ang'ate.

Akaitazama, akanitazama, akaitia kinywani. *Ka!*

"Ng'ata tena, baba, usiogope!" mama yule akampigia kelele, na watu wakaangua kicheko.

Akang'ata, akanusa, akahama kichanja hadi kichanja, mwisho akafungua mkoba na kunipa mkono. Akachukua yote.

Tulipokuwa tunapakia, mama akanishika bega. "Msimu ujao tunakuletea tena. Ila mgeni akija, wewe umpe kahawa ang'ate. Kizungu mwachie mwenye duka."

Nilicheka kuliko wote. Na kweli waliileta, wakaja na wa Kingerikiti juu yake, hata ikabidi niongeze vichanja mpaka nyuma ya nyumba, na mke wangu akakosa pa kuanika nguo.