Miguu Chini ya Camaro

Nileteeni msahafu niushike, sitasita. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, sina homa wala usingizi. Ndugu zangu wa Tanga husema baridi ya Toronto ilinipanda kichwani. Waache waseme. Wao hawakuwapo.

Mimi na mume wangu Hamadi tuliishi Rexdale, pembezoni mwa Toronto, ghorofa ya kumi na moja. Yeye alipakia mizigo kwenye bohari karibu na uwanja wa ndege, mimi nilihudumia wazee katika nyumba yao ya kutunziwa. Mwaka 2009 mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hana pumzi. Tulimzika, na tangu siku hiyo hatukumtaja.

Wiki chache baadaye Hamadi akanunua Camaro ya mwaka 1969, gari la Kimarekani la injini kubwa, limebaki bodi tu, sakafu imeliwa na kutu hata ungeweza kuiona barabara. Akakodi banda nyuma ya barabara ya Islington, akaliweka humo. Kuanzia hapo siku zake zote za mapumziko zikawa za lile gari. Alikata kutu, akachomelea bati jipya, akaifungua injini na kuifunga upya kipande kwa kipande, akapiga msasa mpaka vidole vikachubuka. Wenzake walimsifu, fundi huyu! Mimi kazi yangu ilikuwa kumpelekea chai. Unadhani alinishukuru hata siku moja?

Basi, Jumamosi moja ya Januari 2011, yapata saa tisa alasiri, nikamaliza shifti nikapanda basi na chupa yangu ya chai. Theluji ilikuwa inaanguka kidogokidogo. Mlango wa banda ulikuwa umerudishiwa tu, taa inawaka. Gari limesimamishwa juu ya stendi za chuma, na chini yake imetokeza miguu miwili: viatu vya kazi, suruali ya bluu yenye madoa ya grisi. Suruali ile nilikuwa naifua mwenyewe. Ningeikosea?

"Chai hii hapa," nikasema.

"Iweke. Nipe spana ya nusu inchi."

Sauti ilikuwa yake. Nikainama, nikaiweka spana kwenye kiganja kilichonyooshwa. Kiganja kilikuwa baridi, lakini Januari ile nani alikuwa na mikono ya moto?

Nikakaa juu ya tairi. Sijui nini kilinisukuma siku ile. Pengine kwa kuwa sikuuona uso wake, ulimi ukalegea.

"Hamadi, hivi unanichukia?"

Nikasikia spana inawekwa chini.

"Sikuchukii. Siwezi kukutazama. Nikikuona wewe, namwona mtoto."

"Na mimi nimtazame nani?"

"Chuma kikiharibika najua nianzie wapi," akasema polepole, bila hasira. "Kwako wewe sijui. Gari hili likiwaka tu, naondoka. Nimeshapata kazi Calgary, kule magharibi."

Nikalia. Nililia kwa sauti, peke yangu na ile miguu, mpaka nikasikia mlango unafunguka nyuma yangu. Hamadi akaingia, theluji mabegani, mfuko wa dukani mkononi.

"Umefika kumbe? Nilikwenda kutafuta gasketi ya injini."

Niamini ninachokuambia. Nikageuka nikatazama chini ya gari. Hapakuwa na miguu. Palikuwa na sakafu ya saruji na lile boksi lililokunjuliwa analolalia akifanya kazi. Spana ya nusu inchi ilikuwa katikati ya boksi, mbali, mahali ambapo mkono wangu usingefika.

Nikamweleza yote. Nikamwambia kulikuwa na mtu humu, ana sauti yako, kasema unanikimbia, unahamia Calgary gari likiwaka. Nilitaka acheke. Nilitaka aniite mwendawazimu, achukue tochi, amulike, aulize huyo mtu yuko wapi. Mume gani asingeuliza?

Hamadi akaweka mfuko juu ya boneti, taratibu.

"Nani kakuambia habari za Calgary?"

Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Gari liliwaka mwezi wa Aprili. Wanaoishi karibu na lile banda walisema ngurumo yake ilitikisa madirisha. Mimi sikwenda kulisikiliza. Talaka nilipewa kwa simu, kutoka Calgary.

Shehe niliyemwendea alisema ni jini, akanisomea. Daktari alisema ni majonzi, akaniandikia vidonge. Vidonge nilimeza, dua nilisoma, na swali langu bado liko palepale: kile kitu kilinieleza ukweli kwa muda wa kunywa kikombe kimoja, na mume wangu wa ndoa alishindwa kwa zaidi ya mwaka. Sasa nani kati yao nimlaani?

Mpaka leo, mzee akijifunika shuka akaniita, simjibu mpaka afunue uso. Wenzangu kazini hunicheka. Nawe unayenisikiliza, una mtu nyumbani na una swali linalokuchoma? Mngoje ageuke, umuulize mkitazamana. Ukiliuliza mgongoni mwake au gizani, atakayekujibu huenda asiwe yeye, na jibu utabaki nalo wewe.