Kumchagulia Dada Jiliwa

Dada yangu alipata kiharusi akiwa anafunga nzi. Nasema nzi wa kuvulia samaki: ndoana ndogo inayovishwa manyoya ya jogoo na nyuzi hadi ifanane na mdudu aliyeanguka majini. Wapo watu, huko kwenye mito ya baridi, wanaovua kwa nzi hao tu na hawataki kusikia habari ya nyungunyungu. Kazi hiyo tulijifunza sote wawili nchini Kenya, kwenye karakana ya wanawake, baada ya kukulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania na kabla ya kurudi kwenye shamba la baba huku kwetu Butihinda. Tuliporudi, mwenye karakana alikubali tuendelee tukiwa nyumbani. Ndoana na manyoya vilikuja kwa basi hadi Muyinga mjini, nzi waliofungwa wakarudi kwa njia ileile.

Majirani walichelewa kutuelewa. Wanawake wawili wasio na waume, chumba kina manyoya ya kila rangi, mlango umefungwa ili upepo usiyapeperushe. Walidhani tunafanya uganga. Mzee mmoja alikuja kuuliza waziwazi, na dada akamwonyesha nzi mweusi mwenye kiuno chekundu.

"Mnafunga nzi ili iweje?" akauliza mzee.

"Ili samaki adanganyike."

"Na samaki mwenyewe yuko wapi?"

"Ulaya."

Mzee aliondoka akitikisa kichwa, lakini tangu hapo alituletea manyoya kila alipochinja jogoo, mengi yakiwa hayafai, nasi tukayapokea.

Asubuhi ile ya kiharusi tulikuwa tumekaa kama kawaida, mimi dirishani, yeye upande wa mlango. Nilisikia kimya. Mtu anayefunga nzi ana sauti yake, ule mkwaruzo mdogo wa uzi ukipita juu ya chuma, na sauti ya dada niliizoea kama pumzi. Nilipogeuka, kishikio cha uzi, kile kijibomba tunachozungusha kwenye ndoana, kilikuwa kinaning'inia chini yake, kinazunguka polepole, naye anakitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mezani.

Tulimpeleka Muyinga kwa pikipiki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia pamoja na dereva. Baadaye wakatwambia mazoezi ya viungo atayapata vizuri zaidi Gitega, na kwa bahati shangazi yetu anaishi huko. Akahamia kwa shangazi. Mimi nikabaki Butihinda na kazi ya watu wawili, nikawa naenda kumwona kila nilipoweza.

Mguu ulirudi mapema. Maneno yalirudi. Mkono wa kushoto ulirudi nusu: bega linainuka, kiwiko kinakunjika, kiganja kinaweza kusukuma kitu, ila vidole havikamati. Ukimpa karatasi aishike inaanguka.

Siku moja tukiwa uani kwa shangazi, tunachambua mchele, akaniuliza, "Nzi wakubwa anafunga nani?"

"Mimi."

"Na wadogo?"

"Mimi pia."

"Basi unachelewa."

Nikaendelea kuchambua. Lakini usiku huo nililala nikifikiria jiliwa.

Jiliwa ndicho chombo chenyewe. Mafundi wa Gitega hukiita eto. Ni taya mbili za chuma zinazobana ndoana ili mikono yote miwili ibaki huru. La dada, kama langu, ni la kawaida: taya hazigeuki, na unazikaza kwa skrubu yenye kichwa kidogo, unaizungusha kwa vidole vya kushoto huku wa kulia umeshika ndoana. Mtu asiye na vidole vya kushoto hawezi hata kuanza. Na akianza, nani atashika unyoya wakati mkono wa kulia unazungusha uzi?

Nilikumbuka kwamba kule karakana kulikuwa na jiliwa moja la aina nyingine. Kichwa chake kiligeuka kwa mpini, ndoana ikazunguka palepale kama mshikaki juu ya moto, na unyoya ukajiviringisha wenyewe. Lilikuwa la kuonyesha wageni. Sisi hatukulitumia, kwa sababu mkono uliozoea una kasi kuliko mpini, na dada, aliyekuwa mwepesi kutushinda sote, alisema lile ni la watu wanaofunga kwa kujifurahisha. Lakini mpini unaweza kusukumwa kwa kiganja. Na badala ya skrubu, taya zinaweza kubanwa kwa wenzo wa kukandamiza chini. Kadiri nilivyozidi kufikiri ndivyo nilivyozidi kuona kwamba nimepata dawa.

Safari iliyofuata nilibeba jiliwa lake kutoka Butihinda, nikalipeleka kwa fundi wa vyuma katika mtaa wa Waswahili, si mbali na kwa shangazi. Alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, anatengeneza mageti na majiko. Aliligeuzageuza jiliwa mkononi.

"Bon. Hii kitu iko ya nini? Mi nafikiri iko ya fundi saa."

"Inashika ndoana."

"Ndoana ya samaki? Ndogo hivi?" Akanitazama usoni kuona kama namtania. "Na we unataka nini? Ikamate tu, ao izunguke?"

"Izunguke. Na isikazwe kwa vidole. Ibanwe kwa kiganja."

Nikamweleza habari za dada. Akaacha kutabasamu, akavuta kigoda, akaniambia nichore kwa chaki sakafuni.

Alichukua kitovu cha gurudumu la baiskeli, kile chenye gololi ndani, akakifanya shingo ya kuzungukia. Taya alizichonga kutoka kwenye tupa iliyoisha meno. Za kwanza hazikufaa. Nilipojaribu, ndoana ilichomoka ikaruka hadi kwenye geti la mteja, tukaitafuta wote wawili tumepiga magoti. Za pili zilibana. Kitako alikifanya kizito makusudi, kipande cha chuma cha reli, ili jiliwa lisitembee juu ya meza likisukumwa. Lilikuwa na sura mbaya, lakini nilipogeuza mpini halikutoa hata mlio.

Nikamleta dada ajaribu. Mke wa fundi alituletea chai ya tangawizi, na fundi mwenyewe akafuta benchi kwa koti lake la kazi. Dada alikaa. Akaweka ndoana kwa mkono wa kulia, akakandamiza wenzo kwa kiganja cha kushoto, na taya zikafunga. Akaanzisha uzi. Akabandika unyoya, akaushika kwa kulia, akasukuma mpini kwa kushoto. Ndoana ikazunguka na unyoya ukapanda juu yake duara baada ya duara. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, nimejaa furaha.

Alimaliza nzi mzima. Alikuwa kombo kidogo, lakini alikuwa nzi. Dada akamtoa, akamweka juu ya benchi.

"Ni jiliwa zuri, kaka," akamwambia fundi. "Mungu akubariki. Lakini mimi nataka lile langu."

Fundi akanitazama mimi, kisha yeye. "Mama, hii haishike muzuri?"

"Linashika vizuri. Shida yake ndiyo hiyo. Linafanya kazi ya mkono wangu, na mkono wangu bado haujafa."

Nililichukua jiliwa jipya hata hivyo, maana fundi alilitengeneza kwa ajili yetu na hakuna mwingine angelihitaji. Njiani kurudi kwa shangazi niliona hasira, na hasira hiyo nilishindwa kuificha. Nilimwambia anajitesa bure. Alikuwa akitembea polepole, anauangalia mguu wake kabla ya kuukanyagia.

"Ulinipimia jiliwa kama mtu anayemnunulia mtoto viatu," akasema. "Umekuja nalo limekwisha. Hukuniuliza nataka nini."

"Nilitaka urudi kazini."

"Najua. Mimi nilitaka urudi mkono."

Nikalihamishia jiliwa bega la pili, nikamfuata kwa mwendo wake.

Mazoezi ya Gitega yalipoisha alirudi Butihinda. Majirani walikuja na ndizi na maharagwe, wakasema mwihangane, yaani poleni, wakakaa. Walipokwisha kwenda zao, dada alirudi kwenye meza yake, upande wa mlango, mbele ya jiliwa lake la zamani. Lile la fundi lilikuwa chini ya kitanda changu, limefunikwa gunia.

Sijui niyaelezeje majuma yale. Aliikaza skrubu kwa kuibana kati ya kiganja na ukingo wa meza. Ndoana ilianguka. Akainama, akaiokota, akaanza upya. Akajaribu kubana unyoya kati ya kidole gumba na upande wa kidole cha shahada, akavisogeza vidole hivyo kwa mkono wa kulia kama mtu anayepanga vijiti, lakini alipouachia tu mkono wa kulia, vidole vikafunguka. Alianza tena. Mimi niligeuza kiti changu nikampa mgongo, nikijifanya nafuata mwanga wa dirisha, kwa sababu niligundua kwamba nikimtazama anaharakisha. Mvua zilikuwa zimeanza. Tulisikiliza mvua. Mara nyingine nilisikia kitu kikidondoka, kisha sauti yake akijiambia, "Haya." Hakulia, au kama alilia sikusikia.

Sikuwahi kutaja kilichokuwa chini ya kitanda. Mara nyingi nilitamani.

Jumapili moja nilibaki kanisani kusaidia kufagia, yeye akatangulia nyumbani. Nilipofika, jiliwa la fundi lilikuwa mezani kwake. Sijui alilibebaje, kwa uzito ule. Lile la zamani lilikuwa limepakwa mafuta, limefungwa katika kitambaa, limewekwa juu ya kabati. Alikuwa amekaa, anasukuma mpini kwa kiganja, na nzi wakubwa wa rangi ya majani makavu wamepangana mbele yake. Nilivua viatu, nikavaa kanga ya kazi, nikaketi mahali pangu. Tulifanya kazi hadi kiza.

Baadaye, wakati wa kuvuna maharagwe, nilimuuliza. Tulikuwa tumekaa juu ya magunia tunapumzika, na swali lilinitoka bila kulipanga: kwa nini hakulichukua siku ileile, akajiepusha na yote yale?

Akapangusa maganda magotini.

"Kama ningelichukua siku ile," akasema, "ningekuwa nakaa pale mezani kila siku nikijiuliza: labda ningejaribu, mkono ungerudi. Sasa sijiulizi. Nimejaribu na najua umefika wapi." Akauinua mkono wa kushoto mpaka usawa wa kifua, akautazama pande zote mbili. "Unasukuma. Basi usukume."

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi peke yangu. Mimi nilikuwa nimechagua jiliwa kwa kupima urefu wa wenzo na uzito wa kitako na ulaini wa gololi, na sikukosea hata kipimo kimoja. Jiliwa lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa bado hajafika, na njia ya kufika ilikuwa yake, hakuna aliyeweza kuitembea kwa niaba yake.

Tumegawana kazi upya. Yeye anafunga wakubwa, mimi wadogo. Tulipopeleka furushi la kwanza lenye nzi wake, nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Kule Kenya hatukuwaambia habari za ugonjwa. Nilisema tu kwamba dada alikuwa anapumzika. Furushi lilirudi pamoja na ujumbe kwenye simu yangu: vichwa vya nzi wakubwa ni vinene, uzi umezidi, mfungaji apunguze, na jicho la ndoana lisizibwe.

Sikujua nimsomeeje. Mwishowe nikampa simu asome mwenyewe. Alisoma, akasoma tena, akaanza kucheka kile kicheko chake cha zamani cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu asubuhi ile.

"Hawajui," akasema. "Wananigombeza kama wanavyomgombeza mtu yeyote."

Akalifungua furushi, akaomba wembe, akaanza kuwafumua mmoja mmoja ili ndoana zitumike tena.