Ndege Haikufika

Kaka yangu alipanda ndege Mbeya pamoja na wanaume wengine waliokuwa wakienda migodini kusini. Ndege haikufika. Wiki tatu baadaye niliomba ruhusa shuleni Iringa, nilikokuwa nikifundisha tangu nirudi kutoka chuo kikuu, nikaenda Mbeya kwenye ofisi iliyowaandikisha.

"Imeanguka?" nilimuuliza karani.

"Sijasema imeanguka. Nimesema haikufika."

"Kama haikuanguka, iko wapi?"

"Bwana mwalimu, wewe ndiye uliyesoma. Ukijua, utuambie na sisi."

Jina la kaka lilikuwa kwenye orodha. Nililisoma mara mbili. Sikusikia chochote moyoni. Nakumbuka tu kwamba wino ulikuwa wa kijani.

Nyumbani, karibu na Kilolo, mvua zilikuwa zimeanza. Mahindi ya majirani yalikuwa yameota, shamba la kaka lilikuwa magugu matupu. Jirani mmoja aliapa kwamba wazungu wa migodi wamewauza. Nikamuuliza wamewauza kwa nani, akaniona mjinga.

Kwetu msiba hutamkwa na mwanamume wa nyumba hiyo. Baba alikwisha kufa, nilibaki mimi. Nisipotamka, hakuna kulia wala kunyoa, na mke hashiki jembe, eti atakuwa anamchimbia mumewe kaburi. Niliona upuuzi. Nikamwambia shemeji, mke wa kaka, apande tu.

"Nipande, kijiji kizima kiseme nimemzika mwenyewe? Au watoto wale maswali yako, shemeji?"

"Sina ushahidi kwamba amekufa."

"Na kwamba yu hai, unao?"

Nilimgeukia mama.

Mama alikuwa akichambua maharage. "Huyu tangu mdogo," alisema bila kuinua kichwa. "Ukimpa uji, anauliza nani kauonja."

Asubuhi nilisimama uani nikasema, "Kaka amekufa." Nilisema kama ninayeita mahudhurio. Wanawake wakaangua kilio. Shemeji alilia mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilisimama nikingoja kitu kinipate, hakikunipata.

Walipomaliza kunyoa, shemeji alichukua jembe. Nilimfuata shambani, yeye akichimba mashimo, mimi nikitia mbegu na kufukia. Tulikuwa tumefika katikati ya shamba aliponiuliza, bila kugeuka, kama niliamini nililolitamka.

"Sijui," nilisema.

"Basi usimwambie mama," akasema, akachimba shimo lililofuata.